Ruaha Mkuu na Kinamasi cha Ihefu: Somo juu ya Maji ya Kiangazi

Mwezi huu twataka kujifunza habari za mto mmoja wa Tanzania uitwao Ruaha Mkuu, na za kinamasi chake kiitwacho Ihefu. Wengi wamesikia ya kuwa mto huu hukauka, na kila mtu ana sababu yake. Huyu asema mvua zimepungua. Huyu asema ng'ombe wamekuwa wengi. Mwingine asema wakulima wa mpunga ndio waliouiba. Basi tulipime jambo hili polepole, maana mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukujulikana hapewi dawa imfaayo, na pengine hupewa dawa ya kumwumiza.

1. Mahali palivyo

Kusini mwa nchi, pande za Mbeya na Njombe, iko milima ya Uporoto na Kipengere. Huko juu mvua ni nyingi, na mahali pengine hufika milimeta 1,500 kwa mwaka. Chini yake liko bonde la Usangu, nchi tambarare iliyo juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,000, na huko mvua hazifiki nusu ya zile za milimani. Tena mvua zote ni za msimu mmoja: zaanza mwezi wa Novemba au Desemba, zakoma Aprili au Mei. Kwa hiyo watu wa bondeni huishi kwa maji yaliyonyesha mahali pengine, yakaletwa kwao na mito. Mito isiyokauka ni michache: Ruaha wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, na Ndembera.

Bonde la Usangu ni kama sahani kubwa. Mito yaingia ndani yake, maji yatanda, nayo hufanya kinamasi cha matete na majani marefu, ndicho Ihefu. Upande wa kaskazini-mashariki sahani hiyo ina mahali pa kutokea, paitwapo Ng'iriama, napo pana kizingiti cha mwamba. Neno hili tulishike sana. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti, mto hutoka na kuendelea na safari yake. Yakishuka chini ya kizingiti, hata kwa upana wa kiganja tu, mto husimama, ijapokuwa nyuma ya mwamba bado pana maji mengi.

Ukiisha kuvuka kizingiti, mto wapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyowekwa mwaka 1964; waingia bwawa la Mtera; washuka mpaka Kidatu; na mwisho wake huingia katika Rufiji, na maji yake hufika bahari ya Hindi. Mtera na Kidatu ndipo penye mitambo ya umeme iliyojengwa kati ya miaka ya 1970 na 1980. Basi maji yale yale yamngoja mwenye jaruba la mpunga, na mvuvi wa Ihefu, na kiboko wa hifadhi, na mwenye taa ya umeme mjini.

2. Yaliyotukia

Ndani ya hifadhi, mahali paitwapo Msembe, maji ya mto yamepimwa tangu mwaka 1963. Kiangazi mto ulikuwa ukipungua sana, lakini ulikuwa ukienda. Hata mwishoni mwa mwaka 1993 ukasimama. Mwaka uliofuata ukasimama tena, na tokea hapo imekuwa desturi yake karibu kila kiangazi, mara majuma machache, mara miezi. Mwaka 2003 siku za ukavu zilizidi 100.

Mto ukisimama, pabakiapo maji ni katika madimbwi tu. Viboko husongamana humo, wakigombana na kuumizana, na mavi yao hujaza maji hata hewa ya maji huisha na samaki hufa. Nyati na wanyama wengine huhama kutafuta maji. Katika Ihefu nako, samaki hupungukiwa na mahali pa kuzalia, na wavuvi na wakata matete hupungukiwa na riziki.

Wataalamu wa maji walipima habari za miaka tangu 1958 hata 2004. Waliona ya kuwa maji yaingiayo kinamasini kati ya mwezi wa Julai na Novemba yalikuwa yamepungua kwa sehemu 70 katika 100. Kwa ajili hiyo eneo la kinamasi wakati wa kiangazi lilikuwa limepungua kwa sehemu 40 katika 100. Angalieni maneno haya, "wakati wa kiangazi." Masika mafuriko yaliendelea kuja, na Ihefu ikatanda. Ugonjwa wa mto huu ni ugonjwa wa miezi mitano tu.

3. Sababu zisizotosha

Je, ni mvua? Ziko kweli mwaka mbaya na mwaka mwema, lakini mvua za milimani hazikupungua kiasi cha kueleza upungufu mkubwa namna hii.

Je, ni ng'ombe? Na tufanye hesabu. Tuseme bondeni wako ng'ombe 300,000, na kila mmoja anywa lita 40 kwa siku. Jumla yake ni lita 12,000,000 kwa siku. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanya, utapata lita 139 kwa sekunde. Lakini mfereji mmoja mkubwa wa mashamba ya mpunga waweza kuchukua maelfu ya lita kwa sekunde. Ng'ombe wakizidi huharibu, hilo ni kweli; wakanyaga kingo na kumaliza majani. Lakini kuunywa mto wote hawawezi.

Hesabu hii si mchezo, maana watu walipata taabu kwa kuwa haikufanywa. Mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondoke Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao. Wengi walipelekwa mbali, hata pande za Lindi, na ng'ombe wengi walipotea au kufa. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na habari ya mipaka ile ikawa shauri refu kati ya vijiji na serikali. Lakini katika miaka iliyofuata kiangazi kilipofika mto ulisimama kama kwanza. Waliofukuzwa walikuwa wamekwenda, na ugonjwa ulikuwa umebaki nyumbani.

Vivyo hivyo katika miaka ya 1990 umeme ulipokatika mara kwa mara, watu wengi waliwalaumu wakulima wa Usangu ya kuwa wameyazuia maji ya Mtera. Lakini bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi katika mto huu yalikuwa haba tangu zamani. Hayajazi bwawa kubwa kama lile. Faida yake ni nyingine: kuwaweka hai viumbe vya mtoni na watu wa kandokando mpaka mvua zirudi.

4. Sababu yenyewe

Mpunga wa kumwagilia ulianza Usangu kabla ya mwaka 1950, na Wabaluchi walikuwa miongoni mwa walioueneza. Katika miaka ya 1970 mashamba ya kumwagilia yalikuwa yapata hekta 10,000. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga, na Madibira, na wakulima wadogo wakachimba mifereji yao pande zote. Karibu na mwaka 2000, mwaka wa maji mengi, hekta zilizidi 40,000. Mpunga huu wawalisha watu wengi wa nchi, na umejenga nyumba na kuwasomesha watoto. Anayewaita wakulima hawa wezi hajui kazi yao.

Tena, masika maji yatosha. Mpunga hunyweshwa, na mengine hupita mpaka Ihefu na kuvuka kizingiti. Taabu yaanza mpunga ukiisha kuvunwa. Mifereji haifungwi, bali maji yaendelea kuingia mashambani ambamo hamna mmea. Kwa nini? Sababu ziko nne.

Ya kwanza ni banio. Zamani wakulima walizuia mto kwa miti, mawe, na majani. Banio la namna ile huvuja, na mafuriko yakija hulichukua. Nusu ya kazi yake ilikuwa ni kupitisha maji kwa wenzao wa chini, ijapokuwa hakuna aliyelijenga kwa nia hiyo. Kisha ilikuja misaada ya kujenga mabanio ya saruji yenye milango ya chuma. Watu walifurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini banio la saruji lisilofungwa huweza kuuchukua mto wote wa kiangazi, wala halivuji.

Ya pili ni maji ya kunywa. Vijiji vingi vilijengwa kando ya mifereji, na watu huchota humo. Tuseme kijiji kina watu 2,000, na kila mtu atumia lita 50 kwa siku. Ni lita 100,000, nazo ni kama lita moja na kidogo kwa sekunde. Mfereji ukiachwa wazi na kuleta lita 100 kwa sekunde ili watu wapate moja, zile nyingine hunywewa na mchanga na jua.

Ya tatu ni bei. Mpunga wa kwanza kufika sokoni huuzwa kwa bei nzuri. Kwa hiyo wengine hulowesha mashamba na kuotesha miche katika Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, yaani katika majuma yale yale ambayo mto umekuwa mwembamba kuliko wakati wote.

Ya nne ni kodi ya maji. Katika miaka ya 1990 serikali ilianza kuwatoza watu kwa haki ya maji, ikiandika kila mfereji lita zake kwa sekunde. Nia yake ilikuwa watu wasipoteze. Lakini lita zilizoandikwa karatasini ni zile zile, masika na kiangazi, na mto haukuandikwa karatasini. Mwenye kulipa akasema, "Nimeyanunua maji haya," akayachukua yote hata wakati mto haukuwa nayo.

Katika sababu hizi nne hamna adui mmoja mkubwa. Mna milango mingi midogo iliyoachwa wazi. Twasema, haba na haba hujaza kibaba; basi kwa haba na haba kibaba humwagika pia.

5. Dawa yake

Wataalamu walihesabu ya kuwa mto wa chini wahitaji lita 600 hivi kwa sekunde wakati wa kiangazi, ili uhai wake usikatike. Ni kama madebe 30 ya lita 20. Lakini ili madebe 30 yavuke kizingiti cha Ng'iriama, yapasa madebe 350 yaingie Ihefu kila sekunde, yaani lita 7,000, kwa kuwa majani na jua la kinamasi huchukua sehemu yao kwanza. Kiasi hicho kilikuwa kama mara mbili ya maji yaliyokuwa yakiingia wakati wa hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu asitazamie kufunga mlango mmoja leo na kuuona mto kesho. Ni lazima mifereji mingi ifungwe, tena mapema, mara baada ya mavuno, ili maji ya kinamasi yasishuke chini ya mwamba. Yakiisha kushuka, kuyainua tena ni kazi kubwa.

Mambo ya kufanya yajulikana. Kijiji kikipata visima vyenye pampu, mfereji waweza kufungwa na watu wasikose maji ya kunywa. Tena maji ya kisima kizuri ni safi kuliko ya mfereji. Mabanio yafaa yawe na kipimo ambacho kila mtu aweza kukisoma, na pengo ambalo halifungwi, la kupitisha sehemu ya mto. Wenye mifereji ya juu na wenye mifereji ya chini wawe na jumuiya moja ya watumia maji, wapange zamu kwa siku na saa, na kuchagua mtu wa kuangalia milango. Kuotesha miche kungojee mvua, au wote waoteshe pamoja katika kitalu kimoja karibu na banio, ili maji machache yatoshe.

Huko milimani nako kuna kazi. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni zilimwazo kiangazi, huwapa watu mboga na fedha, lakini mfereji wa kukausha chemchemi huimaliza chemchemi yenyewe. Mikaratusi ipandwe mbali na macho ya maji, na mahali pake iachwe miti ya asili. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kuharibu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Na sheria ya maji ya mwaka 2009 yataka maji ya lazima kwa watu, na maji ya kuulinda mto wenyewe, yawekwe akiba kwanza, ndipo mengine yagawiwe. Yaani mto sasa umeandikwa karatasini. Imebaki kuandikwa katika milango.

Maana ahadi peke yake haitoshi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alitangaza ya kuwa ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita, na viangazi vilivyofuata mto ulikauka bado. Hii haionyeshi ya kuwa kazi haiwezekani. Yaonyesha ya kuwa haitimizwi kwa tangazo la mji mkuu, ikiwa mwenye kushika ufunguo wa mlango pale Chimala au Mbarali hakushirikishwa.

6. Mchezo wa kufundishia

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Bruce Lankford wa chuo kikuu cha East Anglia katika Uingereza, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, alitumia mchezo wa ubao huko Usangu. Ubao huwekwa mteremko, na katikati yake huchongwa mto. Gololi ndizo maji. Wachezaji huweka vijiti mtoni ili kuzigeuza gololi ziingie katika mashamba yao. Zikimiminwa, wa juu hujaza mashamba yao na kupita kiasi, na wa chini hutazama mikono mitupu. Wanavijiji waliocheza hivyo waliona kwa macho katika saa moja jambo ambalo hawakuliona mtoni kwa miaka, kwa kuwa mtoni hakuna awezaye kusimama juu na chini kwa wakati mmoja.

Mwalimu asiye na ubao aweza kufanya hivi. Watu kumi wakae mstari mmoja, na wa kwanza apewe kikapu chenye punje 60 za mahindi. Kila mtu aambiwe ya kuwa shamba lake lahitaji punje 5, na ya kuwa akipata zaidi ni faida yake. Kikapu kipite kimefunikwa, wasionane. Kisha wahesabu mbele ya wote alichopata kila mtu, na kilichobaki kwa ajili ya mto. Mara ya pili kikapu kipite wazi, na kabla hakijapita wapatane. Mara ya tatu mwalimu atie punje 30 tu, aseme, "Sasa ni Oktoba." Hapo ndipo somo lenyewe laanza, na mwalimu anyamaze, awaache waseme wao. Wa mwanzo na wa mwisho wabadilishane mahali kabla ya kurudia.

7. Maswali ya kuzungumza

Mto husimama maji yakiwa bado yako nyuma ya kizingiti. Elezeni kwa nini.

Kwa nini banio bora lilileta hasara kwa watu wa chini, na banio bovu halikuleta?

Fanyeni tena hesabu ya ng'ombe kwa mifugo ya kijiji chenu, na ya maji ya kunywa kwa watu wa kijiji chenu. Je, mwajua mfereji wenu waleta lita ngapi kwa sekunde?

Wafugaji walihamishwa, na mto haukurudi. Kabla ya kumhukumu mtu kwa habari ya maji, ni jambo gani lililopasa kupimwa kwanza?

Katika mto wenu, nani yu chini yenu? Mara ya mwisho mlizungumza naye lini?

Na baada ya kuzungumza, watu wawili au watatu waende mpaka kwenye banio la karibu mwezi wa Agosti, mavuno yakiisha, watazame kama mlango umefungwa. Ukiwa wazi na shambani hamna mmea, wamtafute mwenye zamu, wamwulize kwa upole maji yale yanakwenda wapi.